Mtungi Wangu wa Gesi Umepanda Mlimani

Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla mume wangu hajamaliza kulisimulia mtaa mzima. Nilimdanganya mama mkwe kwa moshi.

Tunaishi Same mjini, wapangaji watatu, mita moja. Umeme ulipopanda bei, kila nikichomeka jiko langu la koili majirani walitoka kuangalia mita inavyokimbia, halafu wananiangalia mimi. Mwisho nikaambiwa anayepikia umeme anunue yuniti mara mbili ya wenzake. Nikauza kuku wangu wote, nikanunua mtungi mdogo wa gesi. Jamani, ule mtungi ulikuwa uhuru wangu. Nilikuwa napika na hakuna mtu anayenichungulia.

Ndipo Baba Neema akaniambia mama yake anashuka kutoka Chome, kule juu milimani Upareni.

"Ila sikiliza," akasema. "Mama hali chakula cha gesi. Anasema kina harufu."

Mimi si Mpare. Wazazi wangu walikuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini. Tangu niolewe nasikia eti mtoto wa kambini hawezi kuivisha makande. Sasa ningefanyaje?

Makande niliyaivisha kwenye gesi, mahindi laini, maharage laini. Kisha nikafunga mtungi, nikausukuma chumbani, nikaufunika kitenge. Sufuria nikaihamishia uani kwenye mafiga, nikaipaka masizi tako zima, nikawasha magunzi yenye unyevu. Moshi ukajaa hadi barabarani.

"Jirani," akauliza Mama Zawadi wa chumba cha pili, anakohoa, "unapika au unafukuza nyuki?"

"Funga mlango wako," nikamjibu.

Mama akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe mjini nako mnapikia kuni?"

Nikajifuta machozi, nikamwambia chakula ni kuni, mama, mengine ni mbwembwe. Akala sahani ya kwanza. Akaongeza. Akasema, "Nani alisema huyu hajui makande?" Kichwa kikanivimba. Hapo ningenyamaza, ningepona.

"Na ule mtungi mwanangu alioniambia mmenunua?" akauliza.

"Upo tu chumbani, mama. Naogopa hata kuugusa."

Mama mkwe akaweka kijiko chini, uso umemchanua.

"Basi Mungu amenijibu. Msitu wameufunga, siku hizi naokota vijiti kama ndege anayejenga kiota. Macho yamekwisha kwa moshi. Nilishuka unifundishe kupikia gesi, nikirudi niuze mbuzi ninunue wangu. Kumbe wako umekaa bure!"

Nikamgeukia Baba Neema. Alikuwa anachambua makande yaliyoiva, kana kwamba anatafuta mawe.

"Lakini mama," nikauliza, "si unasema gesi ina harufu?"

"Nilisema zamani, macho yalipokuwa hayaumi."

Ningesema nini? Kwamba sahani mbili alizokula ni za gesi? Nikautoa mtungi. Nikamwonyesha: fungua hivi, washa hivi, ukimaliza funga, usiuache karibu na moto mwingine. Alinitazama mikono.

"Kwa mtu anayeogopa kuugusa," akasema, "unaujua sana."

Na akaondoka nao. Ulipanda kwenye pikapu ya Chome umefungwa kwa kitenge changu, maana nacho alikipenda.

Jumamosi iliyofuata pikapu ile ile ikanishushia mzigo wa kuni. Ni zake za mwisho, amenitumia kwa moyo mmoja, yeye hazihitaji tena. Nimejaribu. Makande niliyabandika asubuhi, jioni mahindi bado yanagonga meno, Neema analia moshi. Nimerudi kwenye koili, majirani wamerudi kwenye mita. Baba Neema nimemwambia mtungi mwingine ataununua yeye, na hadi aulete, akitaka makande anayepuliza kuni ni yeye.

Juzi mama kapiga simu.

"Mwanangu, leo nimepika makande kwenye gesi. Yametoka sawasawa kabisa na yale yako."

Akacheka sana, akakata.

Dada unayesoma hapa, mkwe akija mwache akukute kwenye jiko lako lile lile la kila siku. Akila, ale. Akinuna, anune. Na ukishaficha mtungi, basi angalau usijisifu kwamba huutumii. Mimi niishie hapa, Mama Zawadi amesimama tena kwenye mita.