Nyota ya Nne

Zamani, akiwa luteni, jenerali aliwaamuru vijana wake warudi nyuma vitani. Mbele ya wakubwa akakana kavukavu, zigo lote akamtwika koplo wake, naye koplo akafukuzwa jeshini kama mwoga. Siku hizi koplo yule ni fundi cherehani. Kila akipanda cheo, jenerali humpelekea koti lake, akijidanganya kwamba anamsaidia.

Leo fundi alimvisha koti lenye nyota mpya, akamtazama.

“Nyoosha mabega, afande. Nyota zinalala.”

Mwanamume mzima, mkagua magwaride, akajaribu mara mbili. Mabega yakagoma. Hata kioo alikikwepa.

“Basi,” fundi akasema kwa upole, “nitazikazia uzi zisimame. Watu hawatajua.”