Marumaru ya Karani Sévère

Sévère Ndikumana alizaliwa Kiringye, katika bonde la Ruzizi, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba, na tangu utoto alikuwa mtu wa usafi. Mapadri waliomfundisha kusoma walimpenda kwa jambo hilo: daftari lake halikuwa na doa, wala kola ya shati lake haikuwa na uchafu. Alipomaliza shule alipata kazi ya ukarani katika biro moja bandarini Kalundu, kando ya ziwa mjini Uvira, akapanga nyumba ya matofali Kasenga, kisha akarudi Kiringye kumwoa Pudentienne, binti wa mzee Nzeyimana. Walipata mtoto, Claire, na tangu hapo wakawa wanaitana Baba Claire na Mama Claire, bila kupandishiana sauti.

Mwaka 1953 mfanyabiashara mmoja Mgiriki wa Usumbura alifunga duka lake ili arudi kwao, akauza vyombo vyote. Sévère alikwenda kutafuta kiti, akarudi na meza ya marumaru. Ilikuwa meza ya kunawia uso, yenye kioo nyuma, na juu yake bamba la jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu. Ilipita mpakani Kavimvira ndani ya kamio ya mizigo, imefungwa kwa magunia na nyasi kavu, na Sévère alikaa nayo nyuma njia nzima, mkono juu yake, kama anayesindikiza mgonjwa.

Mgiriki alimpa onyo moja tu: kitu kichachu kisiguse jiwe hili, kwa sababu litaliwa. Sévère alilifikisha onyo hilo nyumbani na kulikabidhi lote kwa mkewe. Samaki wasikamuliwe ndimu pale. Siki isipite karibu. Pudentienne akaitika, na kila siku akawa anapangusa jiwe kwa kitambaa laini chenye maji matupu, halafu kwa kitambaa kikavu. Majirani waliokuja kusalimu waliliangalia kwa mbali, mikono mgongoni.

Zamani hizo serikali ya Wabelgiji ilikuwa inatoa kadi kwa watu weusi iliowaona wameendelea. Ili uipate, kamisheni ilikuja mpaka nyumbani kwako: wakaangalia kitanda, choo, sahani, wakamwuliza mke wako maswali. Sévère aliiomba kadi hiyo, na akaanza kujiandaa. Kila alfajiri, kabla ya kwenda Kalundu, aliketi mbele ya kile kioo na kujijibu kwa Kifaransa maswali aliyodhani yataulizwa. Pembeni aliweka gilasi ya maji moto yenye ndimu, kwa maana sauti yake ilikuwa inakwama asubuhi. Kwake hiyo ilikuwa dawa ya koo, na mtu hahesabu dawa pamoja na vyakula.

Barua ilisema kamisheni itakuja wiki ya tatu baada ya Pasaka ya mwaka 1954. Jumapili ya Pasaka yenyewe, waliporudi misa, Pudentienne alifungua mlango wa mbele na mwanga ukaingia kwa ubavu, ukalala juu ya meza. Sévère akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Jiwe lilikuwa limepoteza mng'ao upande mmoja. Kulikuwa na mabaka meupe yasiyong'aa, mengine yamepindana kama nyayo za kuku, na alipopitisha kidole yalikwaruza.

"Mama Claire, umekamulia ndimu hapa."

"Minye sikukamua ndimu pale, hata siku moja."

"Basi nani?"

Pudentienne alilitazama jiwe, halafu akamtazama mumewe usoni kwa muda. Kisha akasema hajui, akaenda kumvua mtoto nguo za misa. Sévère aliyachukua hayo kuwa ni kukiri. Alimfuata mpaka uani akamwambia mengi, na mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa anaanika samaki wadogo wa ndagala, aliacha kazi yake akasikiliza.

Jumatatu hiyo ya sikukuu, kwa kutoridhika na aliyoyasema, alimpeleka mkewe Kiringye pamoja na mtoto. Mbele ya mzee Nzeyimana, mama mkwe na shangazi wawili, alieleza kwamba binti yao ameharibu kitu ambacho Uvira nzima hakina mfano, kisha anakana, na kwamba nyumba yenye vitu vya thamani haiwezi kushikwa na mtu mwongo. Akaomba wakae naye kidogo wamfundishe. Mzee akamgeukia binti yake na kumwuliza kwa Kirundi kama ni kweli. Pudentienne alijibu kwamba hana neno la kusema.

Hapo mzee Nzeyimana akafanya jambo ambalo Sévère hakulisahau. Alisimama, akakutanisha viganja vyake viwili, akamwomba mkwe wake radhi kwa malezi mabaya. Mzee aliyempa mke akainamisha kichwa mbele ya kijana wa miaka ishirini na tisa. Sévère akapokea radhi ile, akanywa pombe ya ndizi aliyopewa, akapanda baiskeli akarudi.

Siku ya pili alimwita Libérat. Huyu alikuwa mzee wa Kasenga aliyefanya kazi ya kuchonga na kulainisha mawe tangu mapadri walipojenga makanisa yao ya kwanza pwani ile, na kifua chake kilikohoa vumbi la miaka yote hiyo. Alikuja na mfuko wa gunia. Hakutazama jiwe kwanza. Alifumba macho akapitisha kiganja juu yake polepole, akirudi na kurudi, halafu akainama mpaka shavu likakaribia bamba, akaangalia kuelekea mlangoni.

Sévère akamweleza kwamba ni mwanamke aliyekamulia ndimu samaki. Libérat akatikisa kichwa. Alisema ndimu ya jikoni inarukaruka, inaacha matone huku na huku, na mafuta ya samaki yangeacha rangi. Hapa hakuna rangi. Hapa kuna miduara, mmoja juu ya mwingine, yote upande wa kiti, mbele ya kioo.

"Karani, weye unakunywaka nini hapa?"

Mzee akaomba gilasi za nyumba. Zililetwa nne. Ya kwanza ilikuwa pana kuliko miduara, ya pili nyembamba. Ya tatu, yenye kitako kinene, ilikaa juu ya duara kama mguu ndani ya kiatu chake. Sévère aliijua gilasi hiyo. Ilikuwa bado na kokwa moja ya ndimu iliyogandia chini, ya asubuhi ile.

Akaona masikio yake yanawaka moto. Alitaka kusema kitu, lakini lililokuja lilikuwa swali la kipumbavu: je, maji kidogo namna hiyo yanaweza? Libérat akainua ukingo wa bamba, akadondosha tone la ndimu upande wa chini usioonekana. Povu dogo likachemka hapo, kimya. "Linakula," alisema. "Kila asubuhi linakula kidogo." Halafu, bila kumtazama mwenye nyumba, akaongeza kwamba si kitu, jiwe linatengenezwa.

Kazi ilichukua jioni tatu. Sévère alidhani doa linafutwa. Mzee alimwambia hakuna doa la kufuta. Kilichopo ni shimo, jiwe limeondoka, na njia ni moja, kushusha jiwe lote la kando mpaka lilingane na shimo. Akasugua kwa jiwe la kunolea na maji, kwa mizunguko mipana, bila kukazia mahali pamoja. Akaosha. Akasugua tena kwa mchanga wa ziwa uliochekechwa mara mbili kwenye kitambaa, kisha kwa mchanga laini zaidi, unaokaribia kuwa unga. Sévère ndiye aliyemwagia maji na kufuta tope jeupe. Mikono ikamchubuka, na alifurahi kwamba inachubuka.

Jioni ya tatu ulibaki mduara mmoja tu, hafifu, karibu na kioo. Libérat akasimamisha mkono.

"Na hii, niiondoe?"

Lilikuwa swali la fundi, labda hakuwa na maana nyingine. Lakini Sévère alielewa kwamba mduara ule ulikuwa shahidi wa mwisho. Kama ungebaki, angeweza kumwita mzee Nzeyimana aje aweke gilasi mwenyewe aone. Akasema, "Ondoa." Ulipotoka alipumua, na ile furaha ndogo aliyoisikia kifuani ilimtia aibu kuliko kosa lenyewe. Libérat akapaka nta ya nyuki kidogo, akasugua kwa gunia mpaka kioo kikaonekana ndani ya jiwe, akaenda zake.

Sévère alijiambia atakwenda Kiringye kusema kweli, kamisheni ikishapita. Lakini kamisheni ilitaka kumwona mke. Kwa hiyo siku moja kabla alikwenda kumchukua, na kwa baba mkwe alisema tu kwamba amesamehe. Neno hilo, amesamehe, lilimtoka kinywani kabla hajalipima. Mzee akashukuru. Njiani Pudentienne alimbeba Claire mgongoni na hakuuliza kitu. Alipoingia ndani aliona meza inang'aa, akaweka mzigo wake chini, akaenda kuwasha moto.

Kamisheni ilikuja asubuhi: Wazungu wawili na mama mmoja aliyevaa kofia. Walitazama kila kitu. Yule mama akasimama mbele ya marumaru, akaisifu, akauliza kwa Kifaransa wanaitunzaje. Sévère alikuwa amejiandaa kwa maswali mia, si hilo. Pudentienne alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Na Sévère, akitabasamu, kwa Kifaransa kizuri kisicho na kosa, akajibu kwamba mke wake, maskini, alikuwa ameiharibu kwa citron, na yeye akaita fundi akairekebisha. Wageni wakacheka kwa upole. Mama mwenye kofia akamtazama Pudentienne kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja sahani. Pudentienne akaweka sinia, akamimina chai, mkono wake ukiwa umetulia kabisa.

Walipoondoka alikusanya vikombe, akavipeleka uani, akachuchumaa mbele ya beseni. Sévère alimfuata. Pudentienne akasema huku akivisugua.

"Citron, hiyo ni ndimu. Nilisikia."

"Mama Claire."

"Ile gilasi yako, ni minye naioshaka kila asubuhi. Siku ile ya Pasaka nilijua palepale."

Akamwuliza kwa nini basi hakusema, hata Kiringye, hata baba yake alipomwuliza. Pudentienne akainua kikombe akakiangalia kwenye mwanga.

"Ningesema mbele ya baba, weye uso ungeupeleka wapi?"

Sévère alisimama pale uani, suti ya kamisheni bado mwilini, na hakujua mikono yake aiweke wapi. Angependa mkewe amtukane. Angependa alie. Pudentienne alimaliza vikombe, akamwaga maji, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata Sévère alikwenda Kiringye peke yake, kwa baiskeli. Pamba ilikuwa inaanza kupasuka. Alimkuta mzee Nzeyimana mbele ya nyumba, akaomba shangazi wale wawili waitwe, na mama mkwe, kwa kuwa walikuwepo siku ile. Akasema yote: gilasi, miduara, mduara wa mwisho aliouondoa, neno alilolisema kwa Kifaransa. Sauti ilimkwama mara mbili, na hakuna aliyemsaidia.

"Databukwe," alimaliza, kama Warundi wanavyomwita baba mkwe, "ile radhi uliyoniomba, siwezi kukaa nayo."

Mzee akasema kwamba radhi aliyoiomba aliiomba kweli, kwa moyo, mbele ya watu, na hajui namna ya kuirudisha nyumbani. Akainuka akaenda kwenye pamba yake. Siku hiyo hawakumpa Sévère pombe, wala hakutegemea.

Kadi ilifika mwezi wa tisa. Wenzake wa Kalundu walimpongeza. Nyumbani mambo yakaanza kwenda tena. Walizaa watoto wengine wawili, na Pudentienne hakulitaja tena neno lile, hata walipogombana kwa mengine. Labda kama angelitaja mara moja, kwa hasira, Sévère angepata mahali pa kulijibu.

Miaka ile ya mwisho wa utawala wa Wabelgiji watu wengine wa Kasenga nao walianza kupata meza za mawe na sakafu za mawe, wakawa wanakuja kwake kuuliza. Aliwaeleza kwa utaratibu: maji matupu na kitambaa laini, mafuta yakimwagika wekeni unga wa udongo mweupe uyanyonye usiku kucha, msisugue kwa majivu, kitu kichachu kisikaribie. Wote walimwuliza amejuaje. Kwa muda mrefu alisema alifundishwa na Mgiriki. Mpaka siku moja mwaka 1958, mwalimu mmoja alipouliza hilo swali, na Pudentienne ameketi pale pale barazani akimenya muhogo, Sévère akasikia masikio yanapata moto, akasema, "Niliharibu langu mwenyewe, kwa gilasi yangu, nikamsingizia mke wangu."

Mwalimu akatazama chini kwa haya. Pudentienne hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya, akatupa ganda, akachukua muhogo mwingine.