Redio ilimchukua Nkwimba wangu, ikamrudisha anaitwa Clara na anamshukuru bosi

Wakuu, mwangaluka. Wa kupewa shikamoo nimeshawapa, wengine tutasalimiana huko kwenye comment.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na jirani. Naandika nina hasira na mtoto yuko mgongoni anavuta kilemba, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka msinianzie.

Mimi ni Mama Limi, nimeishia form four, nauza chai na chapati, nilianzia kwenye kibanda pembeni ya karasha moja huku Runzewe.

Kwa msiojua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Unaleta mawe yako, yanaingia, na wewe hapo hubanduki. Mawe yakiwa ndani huendi hata msalani bila kumwachia ndugu yako alinde. Na huyo ndugu unamchagua.

Sasa umeme ukatike. Mashine kimya, mawe yamo ndani, watu wamekaa wanatazama chuma kisichozunguka. Haondoki mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasimulia habari za Nkwimba.

Nkwimba ni mtu wa kutunga. Mponda mawe, mdomo mkali, anagombana na mwenye karasha kila kukicha. Ugomvi ni huu: ukishaosha unga wako ukatoa dhahabu, mchanga unaobaki ni mali ya mwenye karasha. Basi bosi wa kwenye hadithi yangu anawakimbiza akina mama, "Osheni haraka, wengine wanasubiri!", ili dhahabu nyingi ibaki kwenye mchanga wake.

Sikutaja jina la mtu. Ila pale kila nikisema "bosi" watu walikuwa wanageuka kuangalia ofisini.

Wakanogewa. Nikaanza kurekodi kwa simu na kutuma kwenye group. Ikasambaa hadi nikaambiwa wauza dagaa wa Nkome wanamgombania Nkwimba kama mgombea udiwani. Sikumwomba mtu ruhusa. Simu yangu, bando langu, mdomo wangu.

Ndipo redio moja ya mjini ikanitafuta.

Akaja kaka mmoja, tumuite Denis, mtu wa vipindi. Viatu vyeupe kwenye vumbi la karasha, nikajua huyu hajatumwa na Mungu. Akasema nina kipaji "ghafi", wao watakisafisha. Nikauliza kuhusu ile sehemu ya mkataba iliyosema hadithi inakuwa mali ya kituo. Akacheka, "Dada, huo ni utaratibu tu."

Nikasaini. Nani asiyetaka kusikika redioni?

Kwanza wakaniondoa kwenye kusoma. Eti lafudhi yangu ina Usukuma mwingi. Hadithi ya Nkwimba, inatokea Runzewe, na tatizo ni Usukuma! Wakamleta dada wa mjini mwenye sauti ya tangazo la mafuta ya nywele.

Nikasema potelea mbali, maneno si ni yangu?

Siku ya kwanza kurushwa, umeme ulikuwa umekatika. Watu wote wamekaa kulinda mawe, redio ya simu imewekwa juu ya ndoo, mimi nimevaa kitenge kipya. Nimewagawia chai ya bure, mjinga mimi.

Ikaanza.

Nkwimba anaitwa Clara.

Clara ameamka kwa furaha, ameenda kuponda mawe huku anaimba. Clara ameingiza mawe kwenye karasha. Halafu, wakuu, nawaapia, Clara ameyaacha mawe humo humo akaenda zake semina ya ujasiriamali! Aliporudi akakuta bosi amemuoshea dhahabu, amemfungia vizuri, na amempa mwamvuli.

Kisha tangazo: kipindi kimeletwa kwenu kwa hisani ya. Jina la mwenye karasha ile ile tulipokuwa tumekaa.

Watu walicheka kwanza. Kicheko kikaisha kimoja kimoja, wakawa wananiangalia mimi.

Mama Masanja, mponda mawe ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia nirekodi, akaweka kikombe chini.

"Bhebhe, wewe Mama Limi. Ulishawahi kuacha mawe yako hapa ukaenda semina?"

"Sijaandika mimi hayo."

"Limesomwa jina lako."

Mwingine nyuma akadakia, "Juzi bosi mwizi, leo ana mabawa. Kanunuliwa huyo. Muulizeni huo mwamvuli kauweka wapi."

Limesomwa jina langu, ndiyo. Nkwimba walimfuta, mimi wakaniacha.

Toka hapo nikifika karasha watu wanabadilisha mazungumzo. Chai wananunua, maana njaa haina kinyongo, lakini hakuna anayenisimulia kitu. Mjue hadithi yangu yote ilitoka midomoni mwao. Walidhani nimekwenda kuwauza kwa yule yule anayewakimbiza.

Nikampigia Denis.

"Dada, mdhamini hawezi kulipia kipindi halafu atukanwe humo humo."

"Sasa si mngetangaza tu karasha yake? Nkwimba mlimtakia nini?"

"Watu wanampenda."

Yaani alilitamka bila hata aibu. Walitaka wale waliompenda, wakamtupa mwenyewe.

Akaniongezea kwamba nisithubutu kuisimulia tena popote, ni mali ya kituo.

Kesho yake umeme ukakatika. Nikasimama mbele ya wote, Limi ananilia mgongoni, nikasema leo nawasimulia Nkwimba. Mama Masanja akasema, "Haya simulia. Lakini ukimtaja Clara, hiyo chai naimwaga."

Nikasimulia. Nkwimba amekaa mbele ya karasha, bosi anamwambia aoshe haraka, naye anaosha taratibu kuliko siku zote, na akina mama wote nyuma yake wanaosha taratibu. Nilipotazama, simu zimeinuliwa, wanarekodi wao.

Matokeo yake: mwenye karasha amenifukuza kwenye eneo lake, sasa nauzia barabarani. Amebandika na tangazo, MARUFUKU HADITHI. Malaika wa redioni huyo, mwenye mwamvuli.

Jana Denis kapiga tena, mpole kama shemeji. Niende redioni niseme zile sauti za mitandaoni ni feki, aliyemtunga Clara ni mimi, kibanda changu kitarudi. Nikamwambia kibanda abaki nacho. Akina mama wanatoka hadi barabarani kuja kunywa chai, na wananisimulia wakiwa bado wamesimama.

Nilichojifunza: mkiwa na kitu cha kusema, kisemeni wenyewe, hata kwa simu iliyopasuka kioo. Atakayekuja kukisafisha, muulizeni kwanza anasafisha kwa niaba ya nani.

Wanasheria wa humu, nisaidieni: wanaweza kunishtaki kweli kwa kusimulia hadithi niliyoitunga mwenyewe? Na wengine mliowahi kufanyiwa hivi, semeni, nasoma comment zote.

Na wewe kaka wa viatu vyeupe, najua umo humu unasoma kimya kimya. Comment basi, hapa hatuna mdhamini.