Mchukuzi Mmoja

Usiku ule nilikaa nje ya mlango wa mgodi wa makaa ya mawe nikisubiri habari za binti yangu, Maino. Moshi ulipanda ukinuka mayai viza, na waashi walikuwa tayari wanakoroga udongo. Mzungu, meneja wa mgodi, alitaka mlango uzibwe kwa matofali kabla ya alfajiri, moto ukose hewa, makaa yake yasiungue.

Maino alizaliwa hapa Jharia, Bara Hindi, kabla kampuni haijanunua kijiji chetu. Alikuwa mtoto wa kuchekacheka, mwenye mkono mwepesi wa kupaka kuta rangi siku za sikukuu ya ng'ombe. Kisha ardhi ikauzwa na sisi tukiwa juu yake, kama viroboto juu ya mbwa. Ukitaka kubaki na nyumba na kijishamba chako, lazima wawili wa nyumba yako washuke mgodini, mmoja akate, mwingine abebe. Maino alipoolewa na Bajal, wakawa wanashuka pamoja. Akija kwangu alikuwa mweusi hadi ndani ya masikio, akikohoa makaa juu ya wali. Nilikuwa nikigeuza uso asione nilivyochukizwa.

Bajal alipougua homa, msimamizi akampanga Maino abebe makaa ya Chotrai, kaka mkubwa wa mumewe. Nilikwenda kumsihi msimamizi. Kwetu Wasantali, mke wa mdogo wako humgusi, hukai naye chumba kimoja, jina lake hulitaji. Msimamizi alicheka, akasema chini kule hakuna mashemeji, kuna makaa tu. Basi wakajitafutia njia yao. Chotrai akikata, Maino alingoja nyuma ya kona. Chotrai akisogea mbele, ndipo Maino alipokuja kujaza kikapu.

Moto ulipozuka, Chotrai hakuweza kumshika mkono wala kumwita. Alipiga kelele kwamba kuna moto, akakimbia bila kutazama nyuma, akidhani anamfuata.

Karani alifungua daftari lake mbele yetu, akasema wote wametoka. Nilimwambia binti yangu hajatoka.

"Humu kuna Chotrai na mchukuzi mmoja," akasema. "Mchukuzi hana jina. Au ndiye wewe, mama, umetoka zamani na sasa unataka kubembelezwa?"

Wenzake wakacheka. Akamgeukia Chotrai, akamuuliza mchukuzi wake ni nani. Chotrai alitazama miguu yake.

"Huyu naye moshi umemla ulimi?" karani akauliza.

"Sema, baba," nikamwambia Chotrai. "Mimi mama yake nimekuruhusu."

Akainua kichwa. "Maino," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mke wa mdogo wangu. Yuko nyuma ya kona, si mbali. Niacheni nikamlete."

Waashi, Wasantali wenzetu, walisimama mikono ikining'inia. Mmoja aliweka tofali chini. Mzungu akauliza kwa nini kazi imesimama. Karani alimjibu maneno mawili matatu, sijui yapi. Mzungu akatazama saa yake, akanyoosha kidole kwenye matofali.

Wakayaokota.

Siku ya nne msimamizi alikuja kwangu. Nyumba ya Bajal imepungukiwa mchukuzi, akasema, na mama mkwe bado ana shingo nzuri. Sasa kampuni imetoboa mlango mwingine upande wa pili, na makaa yamepona. Kila asubuhi napita na kikapu mbele ya ule wa zamani. Haujafunguliwa.