Pole ya Chumba cha Sindano

Dada yetu mkubwa ni muuguzi wa chumba cha sindano, na sisi wadogo zake tunamwita Sindano, akiwa hayupo. Hatulii. Hata akila, mguu mmoja unacheza chini ya meza. Kazini ana mtindo wake: anasema "pole" kwanza, mgonjwa anafungua mdomo kuitikia "asante", mwili unalegea, na hapo hapo anachoma. Nyumbani nako neno hilo haliishi mdomoni mwake. Umejikwaa, pole. Umechoka, pole. Umenyeshewa, pole, na macho yake yako kwingine kabisa.

Binti wa pekee wa mdogo wetu alipofariki, nilijua patachimbika. Mdogo wetu aliwahi kufanya usafi katika zahanati anayofanya kazi Dada, na pole hiyo aliisikia mchana kutwa. Dada alipoingia msibani na kumwambia "pole" huku akipanga viatu vya wageni mlangoni, mdogo wetu alimkatiza.

"Hiyo ya sindano wapelekee wagonjwa wako. Mimi usiniambie."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada alipitiliza jikoni.

Tangu hapo hakukaa. Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Alianua nguo mbichi, akazianika upya. Nilimsihi aende kwake, wataongea hasira zikipoa. Alikataa, akasema akitoka bila kupatana na mdogo wake, ndiyo basi tena. Roho yangu ilikuwa juu. Kila mgeni aliyeaga nilimwona kama anatuachia moto, na mimi ndiye wa kuuzima.

Wageni walipokwisha, Dada alishika ufagio, akaingia chumba cha marehemu, alimokuwa amejilaza mdogo wetu. Nilimfuata mbio, tayari kuamua ugomvi. Dada alifagia mpaka uvunguni mwa kitanda, ufagio ukatoka na kandambili kuukuu. Zilikuwa za Dada mwenyewe. Binti alisoma akiishi kwake miaka yote, akimwita Mama Mkubwa, na kila likizo alizibeba zile kandambili kuja nazo huku, na kila likizo Dada alipiga simu kumgombeza.

Dada alikaa sakafuni, amezishika. Miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia, nami nikaogopa.

Mdogo wetu alizitazama zile kandambili. Kisha akashuka kitandani, akaketi kando yake.

"Pole, dada," alisema. "Alikuwa wako pia."

Msiba mzima, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwambia hivyo. Dada alifungua mdomo kuitikia, sauti ikagoma. Akajaribu tena. Mdogo wetu hakumharakisha, alimshika tu mkono.

"Asante," Dada alisema mwishowe, na hapo ndipo alipolia.