Mwangwi Ndani ya Tangi

Asubuhi ya mwisho kabla mkewe hajalazwa hospitalini asirudi tena nyumbani, mzee alimfuata kazini na shida yake. Mjukuu wao alikuwa ameuliza mwangwi ni nini, na neno lenyewe limetoka wapi. Mzee hakwenda shule, na hakutaka kuumbuka mbele ya mtoto.

Mkewe, msafisha matangi ya maji, akashuka ngazi akampisha. “Tia kichwa humo, uulize mwenyewe.”

Mzee akapanda, akapaza sauti. “Wewe mwangwi, umetoka wapi?”

“Wapi… wapi… wapi…” tangi tupu likajibu.

Mkewe akacheka hadi brashi ikamponyoka. “Basi baba watoto, kamwambie mjukuu wako hivi: mwangwi ni mume wa mtu. Unamuuliza ametoka wapi, anakurudishia swali lako.”