Siku Niliyompandisha Baba Masama kwa Ringi Pana

Pale sokoni Kwa Sadala bado wapo watu wazima wenzangu ambao wakiniona wananiita "Matairi", na mimi naitika tu, maana nikikataa wataanza kuwaeleza wasiojua, na kila anayesimulia kisa hicho hukisimulia kwa kicheko, kwa sababu walioishia sokoni hawajui kilivyokwisha kule juu. Naona aibu, lakini acheni niwaeleze mwenyewe.

Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, kijana, sijaoa, na nilikuwa na gari la Kimarekani la milango miwili, injini ya silinda nane, lililoachwa na mlowezi mmoja aliyerudi kwao mashamba yalipotaifishwa. Lilikuwa limezeeka na rangi imechujuka, lakini likinguruma mjini Moshi watu waligeuka. (Siku zile za Ujamaa gari kama lile lilikufanya uitwe bwanyenye, hata kama ulikuwa unashindia chai kavu ili upate petroli.)

Lilikuwa na kasoro moja machoni pangu: matairi ya nyuma yalikuwa membamba. Ringi zake za asili, za upana wa inchi sita, zilizama ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika matairi, ukilitazama kwa nyuma unaona mtu mwenye mabega mapana na miguu ya kuku. Rafiki yangu Hamisi, mwenye gereji mjini, akapata kwa madereva wa malori ya Holili ringi pana za aina mbili, za inchi nane na za inchi kumi. Tukajaribu zote. Za nane ziliingia bila ugomvi. Za kumi, kwa ndani zilikaribia springi na kwa nje zilikaribia mdomo wa madigadi, lakini jamani, zilijaza! Hamisi akapitisha kidole kati ya tairi na bati.

"Kidole kinapita," akasema.

"Kikipita kidole inatosha," nikasema mimi, na wote wawili, watu tuliokula miaka kwenye mafuta na grisi, hatukukumbuka kwamba gari lilikuwa tupu. Nikachagua za kumi. Zile za zamani nikamwachia Hamisi kama ujira wake, pamoja na tairi la akiba.

Haukupita muda baba akapata kiharusi. Alilazwa hospitali mjini, mguu mmoja ukalala, lakini maneno yalirudi, na madaktari walipomruhusu alisema hataki kitu kingine ila kumwona kaka yake kule Masama, mlimani. Baba na baba mkubwa walikuwa hawajasalimiana tangu mimi nikiwa shule ya msingi, kwa ajili ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita kwenye vihamba vyao, mashamba ya migomba waliyorithi. Nani afungulie maji lini, basi, ndugu wa tumbo moja wakanyamaziana. Sasa baba mkubwa alikuwa ametuma ujumbe kwamba mbuzi amefungwa, pombe ya mbege ipo, anamsubiri mdogo wake.

Dada yangu Ndeshi akasema, "Tukodi pikapu, baba alale vizuri kwenye godoro."

"Baba atapanda gari la mwanawe," nikasema.

Tukamweka kiti cha nyuma, mama na Ndeshi wamemkumbatia huku na huku, na kwenye buti nikajaza gunia la sukari na vyombo vyao vyote. Gari likashuka nyuma. Niliona likishuka, nikadhani linapendeza zaidi! Tulipotoka mjini nikaanza kusikia mkwaruzo kila tukiingia shimo, na harufu ya mpira unaoungua, na mama akauliza, "Nani anachoma matairi?" nikamjibu labda ni watu wa mashambani. Tulipofika Kwa Sadala, siku ya soko, nikakata kona kupanda Masama, mdomo wa madigadi ukalichana tairi kama kisu, likapasuka kwa kishindo hata wanawake wakaacha mikungu yao ya ndizi wakakimbia.

Watu wakajaa. "Bwanyenye kapata pancha!" Tairi la akiba sina. Jeki ikazama kwenye tope. Nikachukua jiwe nikaanza kugonga madigadi yaachie tairi, nimevaa suruali pana ya mtindo, tope mpaka magotini, na kila nikigonga wanashangilia, mmoja akanishauri niling'oe tairi la mbele nilitie nyuma halafu nirudi kinyumenyume. Ndipo mama mmoja muuza maharage akachungulia ndani akasema, "Nyamazeni, kuna mgonjwa humu." Kicheko kikakatika pale pale.

Akina mama wakafungua milango, wakatandaza kanga kumkinga baba na jua, mmoja akamnywesha mtori, supu ya ndizi, kwa kijiko. Baba akawashukuru kwa Kichagga, "Aika," kila mmoja kwa zamu yake. Mimi nikapiga magoti mlangoni.

"Baba, tutachelewa. Niambie mimi hayo ya kumwambia baba mkubwa, nitangulie kwa miguu nimfikishie."

Akatikisa kichwa. "Hayo si ya kutuma mtu. Nitamwambia mwenyewe."

Jua lilikuwa limeinama tulipopata trekta la kijiji lililokuwa likipandisha samadi. Tukamlaza baba kwenye tela, juu ya majani ya migomba, na katikati ya mlima, njia inamrusharusha, nikaona mdomo wake umepinda upande na jicho linatoa machozi. Nikamwita. Alinitazama tu.

Baba mkubwa alikuwa amesimama njiani, amevaa koti lake la kanisani. Hakuuliza habari ya trekta wala samadi. Akapanda kwenye tela mwenyewe, mzee yule, akashika mkono wa mdogo wake, akainamisha sikio karibu na mdomo wake, akangoja. Tuliona midomo ikihangaika. Halikutoka neno. Akangoja tena, kisha akanigeukia.

"Njiani alisema nini?"

Ningeweza kutunga kitu kizuri, na mara nyingi nimetamani ningetunga. "Alisema atakwambia mwenyewe, shikamoo baba mkubwa," nikajibu, salamu na jibu vimechanganyikana, na hakuna aliyecheka.

Baba alifariki kesho yake asubuhi, mkono wake bado umeshikwa. Gari niliwauzia watu wa vyuma chakavu pale pale liliposimama, sikutaka hata kulivuta. Tangu hapo gari lolote ninalotengeneza, kabla sijakubali tairi, napakia watu ndani mpaka likae chini, ndipo napima. Na ringi pana sijafunga tena, wala sitafunga, hata mteja anune.

Baba mkubwa aliishi miaka mingi baadaye. Kila nikienda kumsalimu aliniwekea kiti karibu, akazungumza habari za kahawa na mvua, na nilipoinuka kuaga alinishika mkono: "Hebu niambie tena, alisemaje?" Nami nilimwambia tena, yale yale.